Kulinganisha riwaya fupi ya gerezani na filamu yake: tulivyofanya na Shawshank

Mpwa wangu alinijia na insha iliyomshinda. Alitakiwa kulinganisha "Rita Hayworth and Shawshank Redemption", hadithi ya Stephen King ya mwaka 1982, na "The Shawshank Redemption", filamu aliyoiongoza Frank Darabont mwaka 1994. Alikuwa ameorodhesha tofauti 31. Orodha ilikuwa sahihi karibu yote, lakini alipomaliza kuiandika hakuwa na la kusema. Nilimwelewa, maana mimi pia nilikwama hapohapo nilipofanya kazi hii mara ya kwanza. Tulikaa siku mbili, na njia tuliyopita ndiyo hii. Nitataja mwisho wa kitabu na wa filamu, kwa hiyo kama hujaviona, anza navyo.

Hatua ya 1: Soma

Hadithi imo ndani ya kitabu "Different Seasons" pamoja na nyingine tatu. Isome ukiwa na kalamu mkononi, na kama unaweza pata nakala ya karatasi. Kusikiliza kitabu kikisomwa hakufai kwa kazi hii, kwa sababu utahitaji kurudi kwenye ukurasa uleule mara kumi. Muhtasari wa mtandaoni usiuguse kabisa. Mingi huchanganya kitabu na filamu bila kukuambia.

Hatua ya 2: Tazama

Mara mbili. Ya kwanza bila kuandika chochote, ya pili ukisimamisha na kunukuu dakika. Ni dakika 142, jipangie.

Hatua ya 3: Itoe filamu kichwani

Watu wengi wameiona filamu kabla ya kusoma, na picha hukaa akilini kuliko maneno. Mpwa wangu aliandika kwamba katika kitabu Brooks, mfungwa mzee, anajinyonga baada ya kuachiwa. Sivyo. Katika kitabu Brooks anapewa nafasi ndogo sana, na anafia kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kunguru wake naye ni wa filamu. Kitabuni ndege ni njiwa, na anafugwa na mfungwa mwingine. Kanuni yangu ni moja: kila sentensi inayoanza na "katika kitabu" lazima uweze kuiwekea kidole ukurasani. Ukikosa pa kuweka kidole, ifute.

Hatua ya 4: Chora mstari wa miaka

Hapa ndipo nilipopoteza saa nyingi, na ndipo insha yako itakapopata uti wa mgongo. Usiharakishe.

Chukua karatasi, ilaze, chora mistari miwili sambamba: wa juu wa kitabu, wa chini wa filamu. Jedwali la kwenye kompyuta silipendi kwa kazi hii. Linakupa visanduku vilivyolingana, wakati unachotaka kuona ni urefu. Weka mwaka Andy Dufresne, mhusika mkuu aliyefungwa kwa mauaji ya mkewe ambayo hakuyafanya, anaingia gerezani na mwaka anatoroka. Kitabuni ni 1948 hadi 1975. Kwenye filamu ni 1947 hadi 1966. Yaani miaka 27 kwa 19. Mara ya kwanza nilidhani nimesoma vibaya, nikatafuta kosa langu jioni nzima. Hakukuwa na kosa.

Ugumu ni kwamba Red, anayesimulia, haendi kwa mfuatano. Anaruka mbele, anarudi, anaahidi kufika mahali kisha anachelewa. Ukifuata kurasa zilivyopangwa utapotea. Fuata mabango ya wanawake maarufu yaliyobandikwa ukutani kwa Andy. Kitabuni anaanza na Rita Hayworth, kisha Marilyn Monroe, Jayne Mansfield, Hazel Court, Raquel Welch, hadi Linda Ronstadt. Filamu ina watatu tu: Hayworth, Monroe na Welch. Kila tukio litundike chini ya bango lake, na polepole mstari utajaa.

Mstari ukishajaa, andika juu yake majina ya wakuu wa gereza. Kitabuni wanapokezana: George Dunahy, Greg Stammas, Samuel Norton. Kwenye filamu kuna Norton peke yake toka Andy anaingia hadi anatoka. Mpwa wangu alipofika hapa aliweka kalamu chini akaitazama karatasi kwa muda mrefu.

Sasa rudi kwenye orodha yako ya tofauti uone ngapi zinatokana na uamuzi huo mmoja wa filamu, wa kubaki na mkuu mmoja. Kijana Tommy, anayejua nani hasa alimuua mke wa Andy, kitabuni anahamishiwa gereza lenye nafuu ili afunge mdomo. Kwenye filamu anapigwa risasi. Hadley, mkuu wa askari, kitabuni anapata mshtuko wa moyo na kustaafu; kwenye filamu anatiwa pingu. Norton kitabuni anajiuzulu akiwa mtu aliyevunjika. Kwenye filamu anajiua ofisini. Katika kitabu adui wa Andy ni miaka yenyewe. Mkuu mmoja akiondoka mwingine anakuja, na ukuta uko palepale. Filamu inamfanya adui awe mtu mwenye uso, na mtu wa namna hiyo lazima aue, na lazima alipwe.

Tahadhari mbili. Kwanza, usiandike kwamba filamu "imerahisisha". Wakuu watatu ndani ya dakika 142 wangekuwa vivuli vitatu. Pili, angalia ile miaka minane iliyopunguzwa imefidiwa wapi. Mimi naamini imewekwa kwa Brooks. Ukatili wa muda, ambao kitabu kinauonyesha kwa kurundika miaka, filamu inautia ndani ya mzee mmoja asiyeweza tena kuvuka barabara. Ndiyo maana nafasi yake imekua.

Hatua ya 5: Uliza nani amejuaje

Kitabuni kila kitu kinapita kwa Red, na mengi ameyapata kwa kusikia na kukisia, naye anakiri hivyo. Filamu inaibakiza sauti yake, lakini kamera inaingia asikoweza kufika, kama ofisini kwa Norton katika dakika zake za mwisho. Weka alama kila mahali kamera inapomwacha Red.

Halafu mtazame Red mwenyewe. Wa King ni Mmarekani mweupe mwenye asili ya Ireland, na anatueleza alichofanya: aliharibu breki za gari ili mkewe afe, na jirani aliyepanda naye pamoja na mtoto wake wakafa pia. Morgan Freeman, mweusi anayemwigiza Red kwenye filamu, anabakiziwa utani wa kuitwa Red kwa kuwa ni Mwairishi, ila kosa lake linatajwa kwa neno moja tu, mauaji. Wengi huandika aya nzima juu ya rangi ya ngozi na kulisahau hilo la pili, nami naliona zito zaidi. Msimuliaji wa kitabu ametuomba tumwamini huku tukijua alichofanya. Wa filamu tunampenda bila kulipa chochote.

Hatua ya 6: Mwisho

Soma aya ya mwisho ya kitabu kwa sauti, kisha tazama dakika za mwisho za filamu ukiwa umezima sauti. Kitabu kinamwacha Red akiwa bado hajafika kwa Andy, akitumaini. Filamu inatuonyesha ufuko na watu wawili wanaokutana. Mimi nachagua kitabu, lakini mpwa wangu alichagua filamu na hoja yake ilisimama: baada ya kifo cha Brooks, mtazamaji anahitaji kuona kwa macho kwamba kuna aliyevuka.

Hatua ya 7: Andika

Anza na uamuzi uliougundua hatua ya 4, si na tofauti ya kwanza kwenye orodha. Tofauti isiyoungana nao iache nje hata kama umeitafuta kwa jasho. Kati ya zile 31, mpwa wangu alibaki na sita, na insha ikatoka kurasa nne.