Jinsi ya Kujijengea Jina kama Mwovu wa Mieleka ya Kulipwa
Mwovu ni mwanamieleka anayeigiza adui ili watazamaji wamzomee. Anza kwa kuchagua kasoro moja ambayo watazamaji wataitambua mara moja, iwe majivuno, woga au hila, kisha uishikilie kwa miezi mingi bila kuyumba. Mwanamieleka Gorgeous George, aliyevuma nchini Marekani katika miaka ya 1940, alichagua majivuno: aliingia ulingoni kwa muziki, akiwa amevaa joho la fahari, huku mtumishi wake akinyunyiza manukato, na watu walilipa kiingilio wakitumaini kumwona akishindwa.

Hapo ndipo kilipo kiini cha kazi hii. Usitafute makofi, wala usionyeshe ufundi wa kuvutia pale ambapo kumvuta mpinzani nywele, mwamuzi akiwa amegeuka, kungewachoma watazamaji zaidi.

Hata hivyo, mlinde mpinzani wako kwa uangalifu mkubwa, kwa maana sifa yako miongoni mwa wenzako, ambayo naithamini kuliko kelele zote za ukumbini, hutokana na usalama wa miili yao. Kugeuka, yaani kuacha ushujaa na kuwa mwovu, nako kuna wakati wake: mwanamieleka Hulk Hogan alipogeuka mwovu mwezi Julai 1996, mshtuko ulikuwa mkubwa kwa sababu alikuwa ameaminiwa kama shujaa kwa miaka mingi.