Somo: Softi na solidi za .375 kwa nyati

Somo hili ni la wenye leseni Tanzania. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Tunatumia mfano wa risasi ya .375 H&H (Holland & Holland, unene wa inchi 0.375), yenye kichwa, yaani kile kipande kinachoruka, cha greni 300 (gramu 19.4), kinachotoka mtutuni kwa takriban mita 770 kwa sekunde.

1. Tofautisha vichwa. Softi ya kawaida ni madini ya risasi yaliyovikwa shaba. Ikiingia mwilini, ncha hufunguka kama uyoga, hadi karibu mara mbili ya unene wake. Jeraha huwa pana, ila inavyozidi kupanuka ndivyo inavyosimama mapema. Solidi haifunguki, huvunja mfupa na kusonga mbele, mara nyingi ikatokea upande wa pili.

Kwa nyati, chukua softi ambayo madini yake yamegandishwa na shaba, au ya shaba tupu. Softi ya kawaida ikigonga mfupa wa bega kwa mita 30, shaba huweza kubanduka, mapafuni vikafika vipande tu. Mnyama anaondoka na jeraha, na huo ni ukatili.

2. Jaribu shabaha ya zote mbili, bunduki ikiwa juu ya magunia ya mchanga, mita 50 na 100, risasi tatu tatu. Hata uzito ukilingana, zinaweza kugonga sehemu tofauti.

3. Weka softi kwenye chemba (inapokaa risasi ya kwanza kufyatuliwa), solidi kwenye magazini (zinapokaa za kufuata). Nyati akikupa ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu, theluthi moja ya kimo cha kiwiliwili. Solidi usiifyatue kama kuna mwingine nyuma yake.

4. Wakati wa kuchuna, tafuta kichwa cha risasi, kioshe, kipime uzito. Kikibaki greni 240, kimehifadhi asilimia 80.

Maswali

Mkuu, .375 si itaharibu nyama ya swala pala?
Si lazima. Kinachosaga nyama ni kasi pamoja na kupasuka. Kichwa chepesi cha .270, greni 130, kinachokwenda zaidi ya mita 900 kwa sekunde, kikigonga bega huharibu zaidi. Piga nyuma ya bega.

Ya shaba tupu imepita bila kufunguka, kwa nini?
Kasi ilishuka mno kwa umbali, au tundu la ncha liliziba. Angalia kasi ya chini aliyotaja mtengenezaji.

Nitajuaje ilikopita kabla ya kufuatilia?
Tazama damu. Ya waridi yenye povu ni mapafu, nyeusi ni ini, yenye majani ni tumbo. Ya tumbo usiikimbilie. Subiri, kisha ingia na mfuatiliaji, solidi ikiwa chemba.