Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Aliyekuwa Mjumbe wa Bunge la Jimbo Nchini Marekani

Anza kwa kutenganisha bunge la jimbo na lile la taifa, kwa kuwa wasomaji wengi hudhani kila seneta wa Marekani hukaa Washington. Barack Obama, kwa mfano, alikuwa kwanza seneta wa jimbo la Illinois, kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004, akiwakilisha watu wa Chicago katika bunge linalokutana Springfield; Seneti ya taifa aliingia Januari 2005.

Kisha fungua kumbukumbu za kura, ambazo ndizo kiini cha kazi yenyewe. Mjumbe wa Illinois anaweza kupiga kura ya ndiyo, hapana au “nipo”, na hii ya tatu usiiandike kuwa utoro: muswada wa kawaida huhitaji kura 30 za ndiyo kati ya maseneta 59, kwa hiyo “nipo” huukwamisha sawasawa na hapana.

Taja sheria aliyoisimamia, kama ile ya 2003 iliyoagiza mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji yarekodiwe. Kushindwa nako usikufiche (jamaa wa mhusika watakuomba ukuruke): mwaka 2000 Obama aliangushwa na Bobby Rush, mbunge aliyekuwa na kiti hicho, katika kura za mchujo za chama chao, alipowania Baraza la Wawakilishi la taifa.