Jinsi ya Kugeuza Shamba Lililochoka Kuwa Ngitili

Wasukuma wametenga malisho ya kiangazi, yaani ngitili, tangu zamani, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, ulirudisha miti mkoani humo kwa kuufufua utaratibu huohuo. Mwongozo huu unamhusu mkulima mwenye kipande ambacho mavuno yake hayarudishi hata gharama ya mbegu na vibarua.

Hatua ya kwanza ni kuchagua. Tenga ardhi ya kichanga iliyo mteremkoni, ukingo wa korongo, au mahali ambapo mvua imekwisha kubeba udongo wa juu. Mbuga, yaani bonde la udongo mweusi, inayokupa mpunga usiiguse.

Hatua ya pili, na ndiyo inayoamua mengine yote, ni makubaliano. Kabla ya kuweka alama yoyote, pitia mipaka pamoja na majirani unaopakana nao, kisha upeleke shauri kwa serikali ya kijiji ili ngitili yako itambuliwe, sheria ndogo itaje faini ya mwenye kuingiza mifugo bila ruhusa, na sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa kijiji, wajue mahali pa kulinda. Ndipo upande minyaa kuzunguka mpaka.

Hatua ya tatu: usilime, usichome moto, wala usikimbilie kununua miche. Tafuta visiki vilivyo hai, uchague machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka katika kila kisiki, na ukate mengine. Naiamini njia hii ya kisiki hai kuliko kupanda miche mahali pakavu, kwa kuwa mizizi ya kisiki imekwisha kwenda chini. Safisha pia barabara ya moto, yaani ukanda usio na nyasi wa kuzuia moto usivuke, kabla nyasi hazijakauka.

Hatua ya nne ni ratiba ya mifugo. Funga ngitili mvua zinapoanza, na uifungue kiangazi, malisho ya nje yanapokwisha, ukiingiza ng'ombe kipande kimoja baada ya kingine na kuwatoa kabla hawajafikia mashina ya nyasi. Mbuzi wasubiri mpaka machipukizi yapite kimo chao.

Kwa ajili ya wanyamapori, acha kichaka kizito katikati pasipokatwa kuni, pamoja na miti mikavu yenye matundu ambamo ndege hutaga. Kanga, kware na sungura wakipata maficho, fisi naye anaweza kuja. Kwa hiyo imarisha ua wa zizi mapema, na ndama walale ndani.