Kabla hujajitolea kusaidia watu kupiga kura ya marudio hapa Dar, zingatia haya

Uchaguzi ukirudiwa, au jimbo likiwa wazi tukaitwa kwenye uchaguzi mdogo, kazi ngumu kuliko zote ni kumfanya mtu ajue kwamba kura ipo tena. Watu walishapiga, kidole kilishapakwa wino, wamerudi kwenye mihangaiko yao na hakuna tena magari ya matangazo yanayopita mtaani kila saa, kwa hiyo wengi siku inapita hawana habari. Hapo ndo mtu wa kujitolea anahitajika, na hapo hapo ndo anaweza kuharibu kama hajajipanga.

Tuwekane sawa kidogo. Sisi Tanzania duru ya pili ya urais hatuna. Zamani katiba ilitaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura, mabadiliko ya 13 ya mwaka 2000 yakaiondoa hiyo, sasa anayeongoza ndo kashinda hata kama nusu hajafika. Kenya wao wanataka nusu ya kura na zaidi, pamoja na angalau asilimia 25 kwenye zaidi ya nusu ya kaunti zao 47, asipopatikana wa hivyo wawili wa juu wanarudi uwanjani ndani ya siku 30. Kwetu huku kinachotokea ni marudio na chaguzi ndogo, ila kwa anayejitolea kazi ni ile ile, na Dar tunaijua maana 1995 kura za majimbo yote 7 ya mkoa huu zilifutwa baada ya vifaa kuchelewa na vituo vingi kufunguliwa kwa shida, zikarudiwa 19 Novemba. Mwitikio nao huwa unashuka vibaya. Kenya mwaka 2017 Agosti walijitokeza karibu asilimia 79, marudio ya Oktoba karibu 39, na kweli upinzani ulisusia hiyo ya pili, lakini ukiwa mtaani utaona hata pasipo kususia watu wanakuwa wamechoka.

La kwanza kabisa ni kibali. Kutoa elimu ya mpigakura sio kitu cha kuamka asubuhi na kipaza sauti, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ndo inaratibu na ndo inaruhusu asasi gani itoe, kwa hiyo tafuta kikundi au asasi yenye kibali ujiunge nayo, uwe na kitambulisho chao shingoni, afu mkajitambulishe ofisi ya mtendaji wa kata na serikali ya mtaa kabla hamjagonga mlango wa mtu. Ukiruka hapa usishangae mwenyekiti wa mtaa akiuliza nyie ni akina nani na nani kawatuma, na ana haki ya kuuliza.

Sasa kuna hili la kuhama, na naomba ulipe muda kuliko mengine yote. Dar watu ni wapangaji. Mtu alijiandikisha akiwa Tandale, kodi ikapanda akahamia Mbagala, mwaka uliofuata yuko Goba, na kadi yake bado inamtambua kwenye shule ya msingi kule kule Tandale. Kwenye marudio au uchaguzi mdogo hakuna muda wa kuhamisha taarifa, hiyo ilikuwa kipindi cha uboreshaji wa daftari la wapigakura, kwa hiyo anapiga pale alipoandikishwa au hapigi. Na kama ni uchaguzi mdogo wa kata moja, jirani yake aliyepanga nae nyumba moja anaweza kuwa na haki ya kupiga na yeye hana, wote wanakaa ua mmoja. Usimwambie mtu "kapige kura kituo kilicho karibu", hiyo ni kumtuma apange foleni masaa matatu afu aambiwe jina halipo, na akirudi nyumbani hivyo hatokusikiliza tena maisha yake. Muulize taratibu: ulijiandikishia wapi, mwaka gani, kadi ipo? Afu muende mkaangalie majina yaliyobandikwa nje ya kituo kabla ya siku yenyewe, msisubiri asubuhi ya kura watu wamejazana ukutani.

Mazungumzo yenyewe jiandae nayo. Utamkuta mama lishe saa 5 asubuhi anakatakata vitunguu kwa ajili ya wali wa mchana, unamsalimia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, unamweleza, anakujibu bila kuinua kichwa: "Si nilishapiga mimi? Mara ngapi sasa?" Usianze hotuba ya haki za raia. Mwambie kwa kifupi kwamba ile ya kwanza imefutwa, hii ni mpya, ni Jumapili hii, kituo ni kile kile cha shuleni, vinafunguliwa saa 1 asubuhi vinafungwa saa 10 jioni. Akikuuliza "wewe unamtaka nani", jibu ni moja tu, mama mimi sijaja kwa ajili ya mtu, nimekuja kukukumbusha siku. Na umaanishe. Siku utakayoanza kunong'oneza jina la mgombea huku umevaa kitambulisho cha elimu ya mpigakura, umewaponza wenzako wote wa kikundi. Kama unataka kampeni nenda kwenye chama, ni kazi halali, ila usichanganye.

Kuhusu kadi za watu, usizishike, usizipige picha, usiandike namba zake kwenye daftari lako hata kama nia ni njema. Watu wameshasikia habari za kununua shahada za kupigia kura, wakiona mgeni anaorodhesha kadi wanajua moja kwa moja kuna mchezo. Aliyepoteza kadi usimwambie ndo basi tena, kwenye chaguzi zilizopita Tume imewahi kuruhusu wenye majina kwenye daftari watumie kitambulisho cha NIDA, leseni ya udereva au pasipoti, kwa hiyo fuatilia tangazo la uchaguzi huo husika mapema umpe jibu la uhakika.

Wazee, wajawazito, wenye watoto wachanga na watu wenye ulemavu wanapita mbele ya foleni, wengi hawajui na wanaona aibu kuomba, wewe waambie wamfuate msimamizi waombe. Asiyeona au asiyeweza kusoma anaruhusiwa kuingia na mtu anayemwamini, na huyo mtu achaguliwe na mwenyewe mpigakura, ikiwezekana awe mjukuu au jirani wa siku zote. Usijipendekeze kuwa wewe. Wasioona wanaotumia nukta nundu waulizie kituoni kile kifaa cha kuwekea karatasi ya kura, kipo kwa ajili yao.

Usafiri unawashika wengi. Unamwona bibi anapumua kwa shida, kituo kiko mbali, unatamani umwite bajaji umlipie. Kabla ya hapo uliza kwa msimamizi wa uchaguzi mnaruhusiwa nini, na hela ya mafuta au nauli isitoke kwa mgombea wala mpambe wake hata kidogo, maana kuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 na TAKUKURU wapo. Chai na maandazi kwenye foleni acha pia. Njia nyepesi ni kuwaunganisha majirani wenyewe kwa wenyewe, kijana wa nyumba ile ana pikipiki, bibi wa nyumba hii hawezi kutembea, waongee wao. Na ikiwa ni kipindi cha mvua angalia njia, Jangwani ikijaa maji mtu wa Magomeni aliyeandikishwa Kariakoo anatakiwa ajue jana yake kwamba atazunguka.

Nguo: hakuna rangi za chama. Kuna vijana wanasahau kwamba jezi ya Yanga ni kijani na njano, na hizo ni rangi za CCM pia, karani wa kituo au wakala wa chama kingine hatakaa kuchambua. Vaa shati jeupe yaishe.

Usalama niseme wazi. Baada ya uchaguzi mkuu wa 29 Oktoba 2025 watu wengi Dar wana hofu, waliona vurugu, intaneti ikazimwa, tukawekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni. Kwa hiyo mtu akikwambia naogopa, usimbishie wala usimsukume, mpe taarifa umwache aamue. Kikundi kisitegemee wasapu peke yake, nendeni steshenari mkaprinti majina ya vituo na namba za simu za wenzenu, kila mtu awe na vocha ya kawaida ya kupiga, sio bando tu. Tembeeni wawili wawili. Muwe na mtu mmoja wa kumpigia kukitokea fujo, na makubaliano kwamba kukitokea fujo mnaondoka, hakuna shujaa.

Siku yenyewe usizagae kituoni. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilishatoa uamuzi juu ya wale waliotaka kukaa mita 200 kutoka kituoni kulinda kura, ikakataza, kwa hiyo we fanya kazi mitaani huko, sio getini. Simu usiitoe karibu na chumba cha kura na waambie watu wasipige picha karatasi zao. Ikikaribia saa 10 kumbusha jambo hili moja, aliyekwisha kuwa kwenye foleni muda huo ana haki ya kupiga, asiondoke kwa sababu kasikia wanafunga. Matokeo ya kituo hubandikwa nje, ila kuyasubiri hadi usiku sio kazi yenu, hesabuni kikundi, kila mtu apige simu akifika kwake, na karatasi zenye majina na namba za watu mlizotembea nazo zichanwe siku hiyo hiyo.