Unaandika makala ya utafiti? Anza na majedwali

Ndugu zangu mnaoandika makala za kisayansi, msianze na utangulizi. Hapo ndipo wengi hukwama, wiki inakatika na ukurasa bado mweupe.

Chukua majedwali na michoro yako, uipange mezani kwa mfuatano, kisha chini ya kila mmoja andika sentensi moja tu: huu unaonyesha nini? Usiopata sentensi, utoe. Sentensi hizo ndizo uti wa mgongo wa sehemu ya matokeo. Mbinu ziandike mapema, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Utangulizi na mjadala vitafuata, ikisiri, yaani muhtasari mfupi unaokaa mwanzoni mwa makala, mwisho kabisa.

Kwenye ikisiri naomba mtulie, maana wasomaji wengi hawavuki hapo. Ukiandika "Utafiti huu ulichunguza athari za samadi kwenye mahindi na matokeo yamejadiliwa", msomaji anaondoka mikono mitupu. Mwambie ulichokiona: "Mashamba yaliyowekwa samadi yalitoa mahindi mengi zaidi, ila kwenye udongo wa kichanga pekee." Kisha taja ni mengi kwa kiasi gani, mashamba mangapi, misimu mingapi.

Wala usihofu makala kuwa fupi. Ile ya wanasayansi Watson na Crick kuhusu umbo la DNA, molekuli inayobeba taarifa za urithi, iliyotoka katika jarida la Nature Aprili 1953, haikuzidi kurasa 2 na ilikuwa na mchoro mmoja tu. Sentensi ya kwanza kabisa inakueleza wanachopendekeza.