AUX kimya, skrini nyeusi: anzia hapa kabla ya kufungua dashibodi

Mimi ni fundi wa redio za magari hapa Dar es Salaam, na ninazoshika zaidi ni Noah, IST na Probox. Mteja akija na "fundi, AUX imekufa, niwekee redio nyingine," dashibodi siigusi. Naanza na waya wa AUX, ule unaotoka kwenye simu kwenda kwenye redio.

Hakikisha redio iko kwenye AUX, siyo Bluetooth, na sauti ya simu imepandishwa karibu mwisho. Kisha jaribu waya mwingine. Bado? Jaribu simu nyingine. Usibadilishe vyote kwa mpigo, maana sauti ikirudi hutajua kibovu kilikuwa kipi. Kama huna waya wa akiba, uache umechomekwa kwenye redio, gusa kwa kidole ncha ya upande wa simu. Ukisikia mkwaruzo au mvumo, redio inapokea; shida iko upande wa simu.

Kuna ugonjwa mmoja unaowachanganya watu: ala zinapiga, mwimbaji hayupo, kama anaimbia chumba cha pili. Hapo waya wa ethi, ule unaotumiwa kwa pamoja na kushoto na kulia, umekatika au pini haijazama. Ethi ikikosekana, kilicho sawa kushoto na kulia kinajifuta, na sauti ya mwimbaji kwa kawaida imewekwa sawa pande zote mbili. Vua kava la simu, yale manene huizuia pini, kisha sukuma mpaka iingie yote. Ikigoma, waya umekatika shingoni mwa pini. Nunua mwingine, usihangaike kuufunga gundi.

Spika za upande mmoja zikipotea na kurudi ukizungusha pini, chungulia tundu. Mara nyingi ni vumbi na nyuzi za mfukoni. Toa kwa kijiti cha meno kikavu, redio ikiwa imezimwa. Sindano hapana.

Simu isiyo na tundu la AUX inahitaji kiunganishi cha USB-C chenye chipu ndani. Vile vya bei ya chini vingi ni waya mtupu, na kwenye simu nyingi havitoi sauti.

Mlio mwembamba unaopanda kila ukikanyaga mafuta? Chomoa chaja. Ukikoma, ethi ya chaja na ya AUX zinagongana. Funga kichuja kelele kwenye waya wa AUX.

Upande wa video, usiziamini rangi. Waya wa pini moja yenye vipande vinne, unaogawanyika kuwa nyekundu, nyeupe na njano, kila mtengenezaji hupanga vyake. Spika zikinguruma huku skrini nyeusi, chomeka kichwa chekundu kwenye tundu la njano. Picha isiyo na rangi au inayopanda na kushuka ni tofauti ya mfumo wa picha: Japani wanatumia NTSC, ving'amuzi vyetu hutoa PAL. Badilisha kwenye menyu ya king'amuzi.

Skrini ikikataa picha mpaka uvute hendibreki, ni nzima. Dereva huniomba niuunge waya wa hendibreki wa skrini kwenye bodi ili atazame akiendesha. Hiyo kazi sifanyi, hata kwa hela nzuri. Abiria wa nyuma nitawafungia skrini yao.

Vyote vikishindikana, pima fyuzi, ndipo ufungue dashibodi. Kabla ya kutoa waya wa betri, kumbuka kwamba baadhi ya redio za Toyota za Kijapani zenye ramani hujifunga umeme ukikatika, na zitakudai kadi ya SD na namba ya kufungulia.